Damu Kati ya Tando Mbili

Mzee Bomba alifungua mlango wa chumba cha maiti kwa kiwiko, maana mikono yote miwili ilikuwa na ndoo. Alipomwona Inspekta amesimama nje akamwambia kwamba ukaguzi ulikwisha jana, ripoti imeandikwa, na marehemu sasa anasubiri ndugu zake tu. Hakumkaribisha. Aliziweka ndoo chini, akajisimamisha katikati ya mlango kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani.

Kisha akamwona aliyesimama nyuma ya Inspekta, akavua kofia. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, koti lake jeupe limefifia hadi rangi ya maziwa yaliyokaa. Yeye ndiye aliyemwajiri Bomba zamani, siku hizo bado anapasua maiti na kuwafundisha madaktari vijana kupasua. Alishastaafu, lakini pale hospitali kila mtu alimwita Mama Daktari kama vile ametoka kunywa chai tu na atarudi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Bado unaosha kila kitu, Bomba?"

"Usafi ndiyo kazi yangu, Mama."

"Ndiyo maana nimekuja."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatano. Saa kumi alasiri jalada lingetoka mezani kwa Mkuu wa Kituo kwenda kwa mwendesha mashtaka, na fundi viatu aliyekuwa mahabusu tangu juzi angesomewa shtaka la kumuua mkewe. Mke huyo alikuwa na miaka ishirini na sita. Jumatatu jioni alianguka jikoni kwake, akafa kabla hajafikishwa hospitali, akaacha binti wa miezi saba ambaye hajajua hata kukaa vizuri. Majirani walisikia ugomvi, wakasikia kishindo. Daktari wa zamu aliandika mistari minne: tumbo limejaa damu; wengu umepasuka; pasuko ni jipya; chanzo ni kipigo cha kitu butu. Nyundo ya mbao ya fundi ilikuwa tayari ndani ya mfuko wa plastiki, imebandikwa namba.

Kilichomsumbua Inspekta ni mstari wa tano, ulioandikwa pembeni kwa mwandiko mdogo: ngozi ya tumbo haina alama. Alimpelekea Mkuu mstari huo jana jioni. Mkuu akamjibu kwamba ngozi ni nguo, na nguo huficha mengi. Akamruhusu aende akatafute anachotafuta, mradi asisahau kwamba saa kumi ni saa kumi.

Ndani palikuwa na baridi na harufu ya dawa ya sakafu. Marehemu alilala kwenye meza ya pili chini ya shuka, na pembeni kulikuwa na trei nne za bati. Ini katika moja. Figo mbili katika nyingine, zimepangwa kama viatu mlangoni. Kila kitu kilimetameta. Mama Daktari alizitazama trei kwa muda mrefu, kisha akamwomba Bomba aeleze alivyofanya, hatua kwa hatua.

Bomba alieleza kwa fahari. Madaktari wa siku hizi wanachelewa, kwa hiyo yeye hufungua mapema. Hutoa kiungo kimoja kimoja kwa mkono, huchana vile vitandovitando vinavyonata, hupeleka kila kitu chini ya mpira wa maji mpaka maji yatoke meupe, ndipo anapanga. Daktari akifika anakuta mambo kama vyombo kabatini. Miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika. Jina la Bomba lilitokana na mpira huo wa maji, naye alilipenda.

Mama Daktari aliinua wengu kwa viganja viwili. Ulikuwa mkubwa mara mbili ya kawaida, kazi ya homa za malaria za miaka mingi. Ubavuni ulikuwa na mpasuko mrefu, na kando ya mpasuko utando wa juu ulikuwa umebanduka kama soksi iliyovuliwa nusu.

"Hapa katikati," alisema, akipitisha kidole kati ya utando na nyama. "Ulipofungua, palikuwa na nini?"

Bomba akakuna shingo. "Uchafu, Mama."

"Rangi gani?"

"Mweusi. Kama majani ya chai yaliyokaa kwenye birika siku mbili. Umeganda. Nikauosha."

"Ulimwambia daktari?"

"Hakuniuliza."

Inspekta akaandika jibu hilo neno kwa neno, akampa Bomba asaini, ingawa alijua halitatosha. Hakuna hakimu atakayemwachia mshitakiwa kwa kumbukumbu ya mtu kuhusu kitu alichokimwaga mwenyewe. Alimweleza Mama Daktari hivyo. Yule mama hakubisha. Alisema tu kwamba Bomba huosha anachokitoa, hajawahi kuosha kilichobaki. Kisha akamfunua marehemu.

Alimvalisha Inspekta glavu, akamwambia atie mkono. Watu, alisema, wanadhani tumbo ni kapu, vitu vimerundikwa humo kama sokoni. Kumbe ni nyumba yenye mapazia. Kuna utando mmoja, mwembamba kuliko ule unaotanda juu ya maziwa ya moto, unaotandikwa ukutani pande zote; ukifika mahali unakunjwa, unalifunika ini; unakunjwa tena, unalifunika tumbo la chakula, wengu, utumbo wote. Pale unapokunjwa ndipo mishipa ya damu inapopita kwenda na kurudi. Ni kama mbeleko: mtoto ameshikwa, halafu bado anaweza kugeuka. Figo zimeachwa nyuma ya pazia, kila moja na blanketi lake la mafuta. Moyo una mfuko wake peke yake. Kila msuli una soksi yake. Vitabu huviita vyote hivyo tishu unganishi, na wanafunzi huvikata haraka ili wafike kwenye vitu vyenye majina.

"Lakini mwanangu," alisema, "kitu kikitokea mwilini, hivi ndivyo vinavyokaa na habari. Maji huosha kilicho juu. Kilicho kati ya tando mbili hakioshwi."

Wakaanza kushuka tabaka baada ya tabaka, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Ngozi: safi. Mafuta ya chini ya ngozi: ya manjano, hayana doa. Hapo Inspekta alitaka kuinua mkono, lakini Mama Daktari alimzuia. Akachukua kisu kidogo, akaachanisha mafuta na utando mgumu mweupe uliofunika msuli, taratibu, kama anayebandua karatasi iliyogandia ukutani.

Palikuwa na madoa mawili.

Moja lilikuwa la mviringo, saizi ya kifungo cha koti. La pili, umbali wa vidole vitatu, lilikuwa refu na jembamba. Yote yalikuwa ya kahawia, na kingo zake zilikuwa na manjano. Chini yake, ndani ya msuli, doa lilikuwepo tena, pana zaidi. Chini ya msuli, kwenye utando wa ukutani, lilikuwepo tena. Na mahali hapo hasa, ndani, ndipo wengu uliovimba ulipokuwa umeegemea.

"Damu ya siku moja haina manjano," Mama Daktari alisema. "Hii ilikuwa na siku tatu alipokufa, labda nne. Wengu ulipasukia ndani ya koti lake, damu ikakaa humo imefungiwa. Koti likashika, likashika. Jumatatu likachoka."

"Nyundo?"

"Nyundo ingeanza na ngozi. Teke lingeanza na ngozi. Hiki kilianza polepole, kikaenda chini polepole, na ngozi ikateleza juu yake bila kuumia. Huyu hakupigwa. Alibonyezwa. Na aliyembonyeza alikuwa na nguvu, na hakuwa na haraka."

Bomba, ambaye alikuwa amesogea bila kuambiwa, alisema taratibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Kabla hawajaondoka Mama Daktari alipiga picha za madoa, akapima umbali wake kutoka ubavu wa mwisho na kutoka kitovu, akaandika. Halafu akamwambia Inspekta, ambaye alikuwa na umbo karibu sawa na la marehemu, ainue shati. Kwa kalamu nene alimchorea tumboni alama mbili, moja ya mviringo na moja ndefu, pale pale. Alisema picha hupotea mafailini, na tena kuna maswali ambayo picha haiwezi kuulizwa. Inspekta alishusha shati. Wino ulikuwa wa baridi.

Siku tatu au nne kabla ya Jumatatu ni Ijumaa au Alhamisi. Katika maelezo ya majirani kulikuwa na mtu wa Ijumaa: mwenye nyumba, mtu wa hasira, ambaye alionekana bombani akimsukuma marehemu kwenye foleni ya maji. Saa tano Inspekta alikuwa sebuleni kwake. Mwenye nyumba hakukana. Alisema alimsukuma, ndiyo, na angemsukuma tena, kwa sababu aliruka foleni mbele ya mama yake mzee. Alimsukuma wapi? Mgongoni, kwa kiganja. Aliinuka akaonyesha kwa mlango, na mlango ukagonga ukuta.

Inspekta akatoka nje akampigia Mama Daktari, ambaye alikuwa bado chumba cha maiti. Mama Daktari akaenda nyuma ya pazia, kama alivyosema, akafungua blanketi la mafuta lililobaki pale figo ya kushoto ilipotolewa, akafungua la kulia, akatazama misuli ya mgongo. Alirudi kwenye simu baada ya dakika kumi na tano. Mafuta meupe, alisema. Safi kama pamba. Nyuma hapakuguswa na mtu wa kuumiza.

Saa sita na nusu fundi viatu aliletwa chumba cha mahojiano akiwa ameshika suruali kwa mkono, kwa sababu mkanda wake ulikuwa kaunta. Alikuwa mtu mwembamba mwenye gundi kavu kwenye kucha. Kabla hajakaa aliuliza mtoto amekula nini. Inspekta akamwambia mtoto yuko kwa mama yake mkubwa, dada wa marehemu, anakunywa uji. Fundi akasema, kwa dada yake, basi vizuri, akakaa.

Alisimulia yale yale ya kwanza, bila kuongeza. Alhamisi alfajiri alisafiri kwenda kununua ngozi. Alirudi Jumapili saa mbili za usiku. Mwuza ngozi alikuwa ameshapigiwa simu jana, akathibitisha: fundi alilala kwake siku zote tatu, na usiku anakoroma kama trekta. Ugomvi wa Jumatatu ulikuwa wa kweli. Mkewe alimlaumu kwa kuchelewa kurudi, yeye akajibu vibaya. Kishindo ni mkewe mwenyewe, alipoanguka na sufuria mkononi. Alama za vidole kwenye mikono ya mkewe ni za fundi alipombeba. Mkuu aliyasikia yote hayo jana, akasema kila muuaji ana sufuria yake.

Inspekta hakuuliza tena kuhusu Jumatatu. Aliuliza kuhusu Jumapili usiku. Mke alikuwaje?

"Amechoka, afande. Bega linamuuma."

"Bega lipi?"

"La kushoto. Alisema tangu Jumamosi. Mimi nikadhani ni kumbeba mtoto upande mmoja."

"Alijigonga?"

"Hapana. Alikuwa anajipaka tu. Nyumba nzima inanuka mafuta ya kukandia, yale makali. Nikamtania, nikamwambia leo nimeoa chupa ya dawa." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Hakucheka."

Mafuta aliyatoa wapi? Fundi alimtazama Inspekta kama mtu aliyeulizwa maji hutoka wapi. Kwa dada yake, alisema. Si ndiye mkandaji? Mtaa mzima hukandwa kwake.

Inspekta akafungua jalada, ukurasa wa tatu. Maelezo ya dada wa marehemu yalikuwa ndiyo marefu kuliko yote. Yeye ndiye aliyewaambia polisi kwamba shemeji yake ana mkono mwepesi wa kupiga. Yeye ndiye aliyewaonyesha nyundo ilipo. Na katika mstari wa pili alisema kwamba hajamtia mdogo wake machoni kwa wiki mbili.

Ukumbini Inspekta alimpigia Mama Daktari mara ya pili. Bega la kushoto, akamwambia, na hakuna kilicholigonga. Kisha Mama Daktari akaeleza kwamba juu ya wengu kuna kiwambo, kile kinachotenganisha tumbo na kifua, na kiwambo hicho nacho kimefunikwa na utando. Koti la wengu likivimba kwa damu au likianza kuvuja, utando wa kiwambo hukereka; na neva yake hutoka shingoni, kwa hiyo mtu husikia maumivu begani. Mgonjwa hushika bega na kifo kiko ubavuni. Daktari yeyote angeuliza. Mkandaji, alisema, angekanda bega.

Saa nane na nusu Inspekta na askari mmoja wa kike walifika nyumbani kwa dada. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili yenye uwanja uliofagiwa vizuri. Kwenye benchi nje walikaa wanawake watatu wakisubiri zamu, mmoja na kifundo cha mguu kilichovimba, mmoja akishika kiuno, wa tatu na mtoto mchanga. Walisema kwamba hata msibani dada huyu hafungi mlango, ana moyo wa pekee. Mwenye kiuno alisema mikono yake ina macho.

Dada alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na mbili, mwenye sauti ya chini. Macho yalimvimba kwa kulia. Mtoto wa marehemu alilala mkekani, amefunikwa kitenge. Mafuta yalikuwa yakipata moto kwenye kifuniko cha kopo juu ya jiko la mkaa, na harufu yake ilikuwa kali kiasi cha kutoa machozi. Inspekta alimpa pole, akasema wamekuja kurudia maelezo kidogo tu. Dada akayarudia vile vile, kwa mpangilio ule ule. Wiki mbili hajamwona. Wiki mbili, na sasa hatamwona tena. Askari akaandika.

Inspekta alifunga daftari. Alitia mkono chini ya mbavu za kushoto, akakunja uso.

"Dada, nisamehe. Nimesimama tangu asubuhi. Hapa pananivuta."

Dada alimtazama mkono ulipo. Uso wake ulibadilika kidogo, ukawa uso wa mtu aliye kazini.

"Panavuta au panachoma?"

"Panavuta."

"Lala hapo, mdogo wangu."

Inspekta akalala kwenye kitanda cha kamba. Askari aliacha kuandika. Dada alipiga magoti, akaweka mikono juu ya shati kwanza, akipapasa bila kutazama, macho yakiwa ukutani. Kidole gumba cha kulia kilishuka, kikatafuta, kikatulia. Gumba la kushoto lilikuwa limenyooka kama mti. Lilivunjika zamani na halikunjiki. Badala yake alikunja kidole cha shahada, akakandamiza kwa ubavu wa kidole hicho, umbali wa vidole vitatu. Alisema pumua. Uzito ulianza kushuka, taratibu, bila maumivu, ukipita ngozi, ukipita mafuta, ukienda chini zaidi. Alisema hapa huwa panakaza, tutapalegeza. Akanyoosha mkono kuchovya mafuta, na kwa mkono mwingine akainua shati.

Alama za wino zilikuwa pale alipokuwa amebonyeza. Ya mviringo. Na ile ndefu.

Mkono wenye mafuta ulibaki hewani. Tone moja lilidondoka kitandani, la pili likadondoka.

"Nani kakuchora?" aliuliza.

"Mdogo wako," Inspekta alisema. Akaketi, akafunga vifungo vyake. "Anazo mbili kama hizi. Chini ya ngozi. Alikuja lini?"

Nje mtoto mchanga wa yule mama wa benchi alilia kidogo, akabembelezwa. Dada alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akirudia vile alivyokwisha kuvifuta.

"Ijumaa," alisema.

Yaliyofuata aliyasema akitazama jiko, na askari aliandika haraka. Mdogo wake alikuja na homa iliyokuwa ikiondoka na kurudi, akasema tumbo upande huu ni zito. Yeye akapapasa, akakuta kitu kigumu. Marehemu mama yao alimfundisha kwamba kigumu tumboni kwa mwanamke aliyezaa ni damu iliyokaa, hutawanywa. Akaitawanya. Alikanda mpaka mafuta yakaisha kwenye kifuniko. Mdogo wake alipiga ukelele mara moja, kisha akasema amepata nafuu. Jumapili asubuhi alirudi: bega linamuuma, jasho jembamba, midomo myeupe. Akauliza kama aende hospitali.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hospitali watampasua. Nikamkanda bega."

"Na Jumatatu?"

"Nilipoambiwa ameanguka, vidole vyangu vilijua kabla yangu." Alivikunja. "Nikakimbia kwenda. Nikakuta watu wamejaa, wanasema mume, mume, kishindo kimesikika. Mimi sikuwa wa kwanza kumtaja, afande. Niliitikia tu."

"Uliwaonyesha nyundo."

"Niliwaonyesha nyundo."

"Angefungwa maisha. Pengine kunyongwa."

Dada aliinua kichwa. Sauti yake haikupanda. "Benchi lile pale nje, umeliona? Tangu mama afe halijawahi kukaa tupu. Wanaleta watoto wa siku tatu, wanalala wananiachia. Nikisema ni mimi, nani ataniletea mtoto wake tena? Nikafikiri, shemeji ni mwanamume. Wanaume hufungwa, hutoka."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Inspekta alipiga simu kituoni akiwa amesimama pale pale kando ya kitanda. Mkuu alisikiliza. Aliuliza kama picha zipo; zipo. Aliuliza kama Mama Daktari ataandika; ameshaandika. Aliuliza kama maelezo ya mkandaji yamesainiwa, na Inspekta akamwambia anasaini sasa hivi. Mkuu akavuta pumzi kwa muda mrefu puani, akasema fundi apewe mkanda wake.

Wanawake wa benchi walisimama walipowaona wanatoka. Mwenye kiuno aliuliza kama arudi kesho. Kisha akakaa tena, akaendelea kusubiri.

Walifika kituoni saa kumi na robo. Mtoto alikuwa ameamka garini na sasa alilia kwa ile sauti nyembamba ya tumbo kujaa, magoti yamekunjwa, uso umeiva. Askari wa kike alikuwa amejaribu bega, amejaribu wimbo, amejaribu funguo za gari. Fundi viatu alikuwa kaunta akivaa mkanda. Alipomwona binti yake aliuacha mkanda unaning'inia, akampokea kwa mikono miwili, vibaya, kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika bila mama yake kuwa karibu. Kilio kikapanda.

Dada alikuwa upande wa pili wa kaunta, kwenye kiti cha wanaoandikishwa. Hakuwa amefungwa pingu bado. Fundi alikuwa ameshaambiwa, na hakuwa amemtazama hata mara moja.

"Ni gesi, shemeji," dada alisema. "Imemkaa tumboni. Nipe dakika mbili tu nimkande, atalala."

Kalamu ya sajenti wa kaunta ilisimama. Mkuu, aliyekuwa mlangoni mwa ofisi yake, hakusogea. Inspekta alipiga hatua moja, akasimama kati yao.

Fundi alimgeuza mtoto, akamlaza kifuani, akafunika mgongo wake mdogo kwa kiganja kilichojaa gundi. Mtoto alijikunja, akapiga yowe.

"Mwache alie," alisema.

Akatoka naye hivyo hivyo, mkanda ukigonga hatua za ngazi. Kilio kilivuka uwanja, kikapita geti, kikaenda na barabara, na dada alikuwa amekigeuzia sikio, akikifuata, mpaka sajenti alipomwomba aweke mikono yote miwili juu ya kaunta.